Mambo ya Nyumbani: Kikapu cha Nguo Zisizokwisha



Katika nyumba nyingi kuna kikapu kiwekwacho juu ya sanduku au chini ya kitanda, nacho kina nguo iliyokatwa lakini haijashonwa. Kitambaa kilinunuliwa kwa fedha ya jasho. Kikapimwa, kikakatwa, ukashonwa mshono mmoja. Kisha mtoto akaugua, palizi ikafika, wageni wakaja, na kikapu kikafunikwa. Siku kinapofunuliwa tena, mwenye gauni amekwisha kukua, na panya wamekwisha kuonja kitambaa. Hapo fedha imepotea, na mtoto aenda shuleni na nguo iliyopasuka begani.

Akina mama husema, "Hatuna nafasi." Neno hilo ni kweli. Aamkaye kabla ya jogoo, akachota maji, akapika, akalima, akaogesha watoto, hawezi kupata mchana mzima wa kukaa na sindano. Walakini ukizitazama nyumba ambazo nguo hukamilika, na zile ambazo hazikamiliki, utaona ya kuwa wenyeji wake wana kazi sawasawa na saa sawasawa. Tofauti yao ni hii: mmoja angoja siku ya nafasi, ambayo haiji, mwingine ameigawanya kazi yake vipande vidogo, kama nafasi zake zilivyo ndogo.

Zitazameni kofia nyeupe za Unguja na Lamu, zile za viua. Kofia hiyo ina sehemu mbili tu, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Lakini sehemu hizo zimejaa vitundu vidogo sana, na kila kitundu kimezungushiwa uzi kwa mkono, kimoja kimoja. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, na iliyo bora zaidi huchukua miezi. Nao wazishonao, wengi wao ni wanawake wenye watoto na jiko na wageni kama ninyi. Hukaa barazani baada ya chakula, wakashona viua vichache huku wakizungumza. Chungu kikichemka, kofia yawekwa chini. Mtoto akilala, yashikwa tena. Hapana siku iliyotengwa kwa kofia, na hata hivyo kofia hukamilika, ikauzwa, na fedha ikaingia nyumbani. Sababu yake ni nini? Ni kwamba kiua kimoja ni kazi iliyo nzima. Ashonaye akiitwa, humaliza kile alichokishika, akaondoka bila kuharibu kitu. Bandu bandu huisha gogo.

Labda mtu atajibu, "Hiyo ni kofia. Mimi nina shati la kushona, wala sina cherehani." Basi na tufanye hesabu. Cherehani haina umri mrefu duniani. Elias Howe wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851; zamani za kabla yao mavazi ya wafalme na ya maskini yalishonwa kwa mkono. Katika miaka ya 1860 watengenezaji wa cherehani walioitwa Wheeler & Wilson walizilinganisha kazi hizo mbili, wakatoa habari ya kuwa shati moja la kiume lilitaka saa 14 na zaidi kidogo kwa mkono, na saa 1 na robo hivi kwa cherehani. Hao walikuwa wakiisifu bidhaa yao, lakini hesabu yao yatufaa sisi tusio na cherehani. Saa 14 ni nusu saa 28. Mama ashonaye nusu saa kila jioni, akapumzika Jumapili, atalimaliza shati hilo kwa wiki tano hivi. Gauni la mtoto lisilo na kola wala mikono mirefu litakwisha mapema zaidi. Kama shule zafunguliwa Januari, aanzaye mwezi wa Novemba hana haja ya kukesha.

Lakini nusu saa ina adabu zake, na asiyezijua huimaliza nusu saa nzima akitafuta mkasi. Yafaa kwanza kujua ya kuwa kazi ya nguo ni ya namna tatu, na kila namna ina wakati wake.

Ya kwanza ni kupima na kukata. Kazi hii ni ya kichwa, yataka meza au mkeka mtupu, na utulivu. Usiifanye usiku, wala mboga zikiwa motoni, kwa maana uzi ukikosewa hufumuliwa, bali kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Ngoja saa ambayo watoto wako shuleni, au dada yao mkubwa amempokea mdogo. Kitambaa cha pamba kiloweshwe kwanza, kikauke, kipigwe pasi, ndipo kikatwe. Maana pamba nyingi hurudi zikifuliwa, na gauni lililokuwa sawa dukani huwa fupi baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Tena, kateni nguo moja tu. Aliyekata nguo tatu kwa siku moja hajaanza nguo tatu, amejaza kikapu.

Ya pili ni mishono mirefu: mabega, mbavu na mikono. Mwenye cherehani asiitoe kwa ajili ya mshono mmoja, kwa kuwa kuipanga na kuirudisha mahali pake kwala wakati kuliko kushona kwenyewe. Mipigie bandi mishono yote kwa mkono, jioni moja hata nyingine. Kisha keti mara moja na kuipitisha yote. Na mwenye kuazima cherehani ya jirani aende na nguo iliyokwisha kupigwa bandi. Hivyo atakaa kwa jirani saa moja badala ya mchana kutwa, na siku nyingine atakaribishwa tena kwa uso mwema.

Ya tatu ni kazi ya mkono: pindo, vifungo, matundu ya vifungo na viraka. Hii haina haja ya meza wala utulivu mwingi. Yafaa ichukuliwe katika mfuko mdogo na kwenda nayo penye kungoja po pote: kwenye mashine ya kusaga, au barazani pa zahanati, au chini ya mwembe wakati wa kulinda nafaka iliyoanikwa isiliwe na kuku. Saa hizo za kungoja hatuzihesabu kuwa nafasi, lakini pindo la gauni zima laweza kukwisha ndani yake.

Sasa lipo neno moja ambalo naona ni kubwa kuliko yote. Kazi nyingi hazifi kwa kuanzwa vibaya, bali kwa kuachwa vibaya. Mama aitwa ghafula, aitupa nguo kikapuni pamoja na uzi uliojikunja, na baada ya siku nne hajui tena kipande kipi ni cha mbele na kipi cha nyuma. Hapo kikapu chaanza kumtisha, naye akipita hutazama upande mwingine. Basi kabla ya kukunja kazi, chukua dakika mbili za mwisho kutayarisha mwanzo wa kesho: weka pamoja vipande viwili vitakavyofuata na kuvipigia bandi, tia alama ya uzi wa rangi upande wa nyuma, kisha funga nguo hiyo peke yake pamoja na uzi wake na vifungo vyake. Jioni ya pili mkono utaanza bila kuuliza kichwa.

Na sindano zihesabiwe. Zikitoka tano, zirudi tano, tena zichomwe katika kijito chao, zisiachwe katika nguo wala mkekani penye mtoto atambaaye. Kwa habari ya taa, nguo nyeusi na za buluu nzito zishonwe mchana, nyeupe ziachiwe jioni. Na mchana, mtoto mwenye macho mazuri atunge uzi katika sindano tatu au nne, ili usiku mama asipoteze nguvu ya macho kwa kazi hiyo ndogo.

Wapo wanaouliza, kipi kitangulie? Nguo mbovu itangulie nguo mpya. Kiraka cha leo ni cha robo saa. Tundu hilo likiachwa mwezi, nguo yote yataka kununuliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na nguo ya mtoto iachiwe pindo pana, hata inchi 3, ili mwaka ujao lifumuliwe na kushushwa. Hivyo kazi ya nguo moja yavika miaka miwili.

Neno la mwisho ni la akina baba. Baba mwenzangu, shati lako likikosa kifungo alfajiri, wapiga kelele nyumba nzima ikasikia. Lakini jana jioni, mama alipoketi na shati lile lile mkononi, ulimwita mara ya kwanza kwa ajili ya maji, na ya pili kwa ajili ya kiberiti, na ya tatu kuuliza viatu viko wapi, navyo vilikuwa chini ya kiti chako. Nusu saa yake ni mali ya nyumba, kama fedha iliyonunua kitambaa. Tumeilinda fedha, mbona twaitawanya nusu saa? Mpokee mtoto mdogo, umtembeze uani mpaka mshono ukwishe. Tena mfundishe mwana wako wa kiume kutia kifungo. Hapana aibu ndani yake: mafundi wengi wakaao na cherehani barazani mwa maduka ya miji yetu ni wanaume, na kanzu za kwendea harusini zatoka mikononi mwao.

Basi, mwezi huu kifunueni kikapu. Nguo iliyokuwa ndogo kwa mwenyewe, mpimieni mdogo wake. Isiyofaa mtu, iwe viraka. Chagueni moja iliyobaki, mkaishone hiyo peke yake, nusu saa kila jioni, mpaka mtoto aivae. Ndipo mtakapochukua ya pili.