Mwulize Mwenyewe

Tangu 2003 hata 2006 wataalamu walihesabu wagonjwa wa kiharusi 636 katika sehemu za Dar es Salaam na Hai. Hesabu ni njema, lakini haisemi habari za moyo. Wawili waweza kupooza mkono ule ule: wa mjini, mwenye mtu wa kumzoeza viungo, asema, “Sijambo”, wa kijijini, asiyefikiwa na mtu, asema, “Mimi ni mzigo tu.” Katika watatu waliookoka, yapata mmoja huingiwa na huzuni nzito isiyoondoka. Huo si uvivu, ni ugonjwa, nao hutibika. Basi usimwulize mkewe, “Mzee aendeleaje?” naye mzee yupo hapo hapo. Mwulize mwenyewe. Akikawia kujibu, mngoje. Mara nyingi ulimi ndio uliolemaa, akili ingalipo.