VITAMINI NAYO INA KIPIMO

Mara nyingi twasikia watu wakisema, "Ni vitamini tu, haina neno." Kwa mama mjamzito usemi huo ni wa hatari, na tungependa familia zetu zijue sababu.

Mtoto tumboni huanza akiwa seli moja. Seli zitokanazo nayo hazina budi kupewa amri ipi iwe moyo, ipi jicho, ipi kondo la nyuma. Ndani ya seli vimo vipokezi, mfano wa kufuli zinazongoja ufunguo. Vitamini A, ikishageuzwa na mwili kuwa asidi ya retinoiki, ni mojawapo ya funguo hizo. Ufunguo ukiingia, vinasaba fulani katika kiini cha seli huanza kazi na vingine hunyamaza. Vipokezi vya asidi hiyo viligunduliwa mwaka 1987 na Pierre Chambon huko Ufaransa na Ronald Evans huko Marekani, kila mmoja na wenzake.

Ufunguo ukikosekana, kazi huharibika. Mwaka 1933 Fred Hale wa Texas aliandika habari za nguruwe aliyenyimwa vitamini A, akazaa watoto 11 wasio na macho. Ufunguo ukizidi, kazi huharibika vilevile. Isotretinoini, dawa ya chunusi sugu ya jamii ya vitamini A, iliruhusiwa Marekani mwaka 1982. Mwaka uliofuata madaktari walikwisha kuripoti watoto waliozaliwa na kasoro za masikio, moyo na ubongo.

Viungo vikuu vya mtoto huumbwa katika majuma 8 ya kwanza, wakati ambapo akina mama wengi hawajatambua kuwa wana mimba. Basi haitoshi kusema, "Nitaacha nikijua."

Mchicha, karoti, maembe na maboga viliwe bila hofu, kwani mwili hutengeneza humo vitamini A kwa kadiri ya haja. Lakini mjamzito asimeze vidonge vya vitamini A bila ushauri wa kliniki. Akina dada wasiazimane dawa za chunusi za kumeza. Aliyetumia isotretinoini angoje angalau mwezi mmoja baada ya kuimaliza kabla ya kushika mimba. Wauza dawa nao wana wajibu wa kuuliza kabla ya kupokea fedha. Na aliyekwisha kumeza asilaumiwe wala asijifiche: aende kliniki mapema, na mumewe amsindikize. Kuuliza si ujinga.