Picha Tunapewa, Kamera Hatuoneshwi

Mwezi wa pili mwaka huu niliomba kazi ya msaidizi wa utafiti katika chuo kikuu ninachosomea shahada ya uzamili, hapa Marekani. Tangazo lilibandikwa ubaoni katika idara yetu, chini kidogo ya bango lenye nyuso za rangi zote na maneno ya kuwakaribisha watu wa kila pembe ya dunia. Kazi yenyewe ilikuwa kupima vihisi vya infraredi, yaani macho ya kamera zinazopelekwa anga za juu kuona joto ambalo macho yetu hayalioni.

Profesa alinihoji kwa muda wa saa nzima. Aliniuliza kwa nini vihisi hivi hupoozwa mpaka viwe baridi kuliko kitu chochote tunachokijua nyumbani. Nikamwambia kila kitu chenye joto hutoa infraredi, hata kamera yenyewe, na ndani ya kihisi joto husukuma umeme upite hata pale ambapo hakuna mwanga wowote. Ni kama mtu anayetaka kuona mng'ao wa bahari usiku huku ameshika karabai mbele ya uso wake. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina chombo kimoja ambacho vihisi vyake hupoozwa hadi chini ya kelvini 7, yaani takriban nyuzi 266 chini ya sifuri. Profesa alicheka kwa mfano wangu wa karabai. Akasema nianze Jumatatu.

Ijumaa ikaja barua pepe ya mistari mitatu kutoka ofisi ya sheria ya chuo. Nafasi ile ni ya "watu wa Marekani" pekee.

Nimeisoma sheria hiyo, tena zaidi ya mara moja, kwa hivyo asije mtu akaniambia sielewi. Marekani inavihesabu vihisi vingi vya aina hii pamoja na zana za kivita, na si kwa uzushi: jicho linaloona joto la nyota changa laweza kuona joto la injini ya ndege, na kombora hulifuata joto hilo. Mimi sitaki kila mtu auziwe kombora. Sheria pia inasema kwamba kumfundisha mgeni teknolojia hiyo, hata mkiwa chumba kimoja, ni sawa na kuisafirisha hadi nchini kwake. Profesa akinionesha mchoro wa kihisi, kisheria mchoro umeshafika Kenya. Mimi nimekaa kwenye kiti, ila kwenye karatasi mimi ni bandari.

Kuna jambo lingine katika sheria hiyo ambalo bado limenikwama kooni. "Mtu wa Marekani" si raia tu. Ni pamoja na mkaazi wa kudumu, na pia mkimbizi aliyepewa hifadhi. Kwa hiyo ningekuwa nimeikimbia nchi yangu, ningeruhusiwa kuingia maabara. Kosa langu ni kwamba Kenya haijanifukuza na mimi sijaikana.

Hata hivyo ugomvi wangu mkubwa si na serikali yao. Serikali hulinda mambo yake, hiyo ndiyo kazi yake. Ugomvi wangu ni na chuo. Tangu 1985, rais akiwa Reagan, sera ya nchi hiyo ni kwamba utafiti wa msingi ambao matokeo yake yatachapishwa wazi usifungiwe, kadiri inavyowezekana. Kuna vifaa ambavyo hata sera hiyo haivigusi, nakubali. Lakini chuo ndicho kinachochagua mkataba gani kitie saini, na kinapopokea fedha zenye sharti la uraia, kimekubali kwamba baadhi ya wanafunzi wake watabaki nje ya mlango. Basi kiseme hivyo mapema! Kiandike kwenye mstari wa kwanza wa tangazo, na kiandike kwenye barua ya kunikubali, kabla mamangu hajauza kipande cha shamba kulipia tikiti na amana ya chumba. Wageni tunalipa karo kamili na tunajaza madarasa. Kufungiwa mlango naweza kukustahimili, lakini kuchekewa chini ya bango kwanza ndipo nifungiwe, hapana.

Rafiki yangu mmoja wa hapa alinifariji hivi: picha si mnapata bure? Kweli, tunapata. Tangu 2008 picha za Landsat hazilipiwi, na setilaiti zake zina vihisi vinavyopima joto la ardhi. Mtu akiwa Nairobi anaweza kukadiria maji yanayopotea mashambani kwa kuzitazama. Nashukuru. Lakini anayepewa picha hachagui kamera itazame wapi wala saa ngapi, na ikiharibika hana analoweza kufanya ila kungoja.

Nasi tumengoja sana. Mimi nimezaliwa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na tangu utotoni nimeiona mitambo ya San Marco imesimama baharini kwa miguu yake ya chuma. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka anga za juu ilirushwa kutoka pale, na Wamarekani wakaiita Uhuru, kwa neno letu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Babu yangu alikuwa akivua maji yaleyale. Alichobaki nacho ni hadithi ya moshi na kishindo.

Kwa hiyo neno langu la pili ni kwa wakubwa wetu Nairobi. Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023, na nilishangilia kama wengine, ingawa roketi ilikuwa ya Marekani na kampuni iliyoshirikiana nasi kuiunda ni ya Bulgaria. Waitaliano wangali Malindi kwa makubaliano na serikali yetu. Mtakapokaa nao mezani tena, ombeni viti kwenye maabara wanamounda vihisi, viti vyenye hesabu na majina ya wanafunzi, viandikwe ndani ya mkataba. Semina na vyeti vya kuhudhuria tunavyo vya kutosha.

Mimi nimepewa kazi nyingine katika jengo lilelile, ghorofa ya chini, ya kusafisha kelele kwenye picha zilizokwisha kutangazwa wazi. Nimeikubali, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Juzi nilikuta safu nzima ya pikseli zilizokufa, nikapanda juu kumwuliza profesa zimekufaje. Aliniangalia kwa huruma, akasema hilo hawezi kunijibu.