Riba Haiwi Halali kwa Kuitwa Ada

Miongoni mwa hila zilizotuingia sisi Waislamu wa zama hizi ni kukibadilisha jina kitu cha haramu, kisha tukakila kwa moyo mkunjufu. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2012, aliyekopa shilingi 1,000 alitakiwa kurejesha shilingi 1,075 ndani ya siku 30. Zile 75 hazikuitwa riba bali ada. Basi mtu asiyethubutu kukanyaga kizingiti cha benki kwa kuiogopa riba, akaichukua kitandani kwake baada ya Isha, na Alfajiri akaswali safu ya mbele.

Wapo wanaotetea kwamba hayo ni malipo ya huduma tu. Tunawauliza: ikiwa ni ujira wa kazi, mbona aliyekopa 10,000 alitozwa 750? Je, mtambo hutoka jasho mara kumi zaidi? Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu ada ya mkopo kwa sharti kwamba isizidi gharama halisi. Ada inayopanda kwa kupanda kwa deni ni riba, hata ikivishwa kanzu na kofia.

Na aliyeshindwa kulipa? Aliongezewa siku 30 nyingine, pamoja na ada nyingine. Hii ndiyo riba ya Jahiliya yenyewe: muda ukifika, mdaiwa alipe au azidishe. Ndiyo aliyoifuta Mtume (s.a.w.) katika Hija ya Kuaga, akaanza na ya ami yake mwenyewe, Abbas bin Abdul-Muttalib. Naye Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 280, ameamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa. Muda wa kupewa, si wa kuuziwa.

Lakini tusiwalaumu wenye makampuni peke yao. Yule mama muuza maandazi aliyekosa 1,000 ya unga, angebisha hodi kwetu tungempa? Misikiti yetu huchangisha fedha za mazulia, za vipaza sauti na za mnara wa pili. Ni mingapi iliyo na mfuko wa qardh hasan, anakoweza muumini kukopa 1,000 akarejesha 1,000? Kila Ijumaa tunamhofisha kwa moto, kisha tunamwacha hana pa kukimbilia. Kamati za misikiti zisomazo haya na zitujibu: zulia lililopo lina tundu gani hata lisiweze kungoja mwaka mmoja?