Binti Ana Mbio, Mahindi Yako Shambani

Baba mmoja wa Laela atuuliza swali ambalo naona ni la wengi. Binti yake wa darasa la sita huwaacha wenzake wote, hata wavulana, na mwalimu ataka kumpeleka mjini Sumbawanga kwenye UMITASHUMTA. Lakini ni mwezi wa Juni, mahindi yangali shambani. “Mbio zitamletea nini?” auliza. “Hata ngedere hukimbia, wala hatujampa kombe.”

Baba, umetuchekesha. Lakini ngedere hukimbia kwa kuogopa mbwa. Binti yako hukimbia pasipo mbwa nyuma yake. Basi, ni kitu gani kimsukumacho mtu wa namna hiyo?

Mwaka 1962, huko Perth, Australia, Seraphino Antao wa Mombasa alishinda yadi 100 na yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Kenya ilikuwa bado chini ya Waingereza, wala haikuwa imepata dhahabu hata moja katika michezo hiyo. Baadaye sifa zikawaendea wakimbiaji wa mbio ndefu, watu wakasema mbio fupi si zetu sisi wa Afrika ya Mashariki.

Akatokea Ferdinand Omanyala, kijana wa Vihiga, mcheza raga, mwanafunzi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2017 akafungiwa miezi 14 kwa dawa iliyokatazwa. Mwenyewe alisema alipewa kutuliza maumivu ya mgongo. Wengi wangalirudi kwenye raga. Yeye alirudi kwenye mbio. Tarehe 18 Septemba 2021, uwanja wa Kasarani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Na siku ile hakushinda! Mmarekani Trayvon Bromell alimtangulia kwa 9.76. Kama shabaha yake ingalikuwa kumpita jirani tu, angalikwenda nyumbani na huzuni. Kumbe alikuwa akishindana na saa. Mwaka 2022, Birmingham, akatwaa dhahabu kwa 10.02, miaka 60 baada ya Antao.

Nanyi wa Ufipa sikieni hili. Hewa ya nchi za juu ni nyepesi, haimzuii sana mwenye mbio fupi. Ndiyo iliyomsaidia Jim Hines kukimbia kwa 9.95 huko Mexico City mwaka 1968. Uwanda wenu nao uko juu. (Upepo wenu ni habari nyingine: ukimsukuma mkimbiaji kwa zaidi ya mita 2 kwa sekunde, rekodi haihesabiwi.) Lakini hewa hiyo mwaivuta wote, na waamkao alfajiri kufanya mazoezi ni wachache.

Basi, baba, mwache aende. Usimwahidi fedha, wala usimtishe asiposhinda. Mwambie asimeze kidonge cha mtu yeyote kabla ya kumwuliza mwalimu. Akirudi, usianze kuuliza amekuwa wa ngapi. Uliza amekimbia kwa sekunde ngapi, uiandike hesabu hiyo kwa mkaa nyuma ya mlango, aione kila asubuhi.

Kuhusu mahindi, umeandika kwamba nyumbani unao wavulana watatu. Wape hao magunia.