Kiwanja kizuri hakichagui mshindi

Bunia, jimbo la Ituri. Vijana wakikaa pamoja, simu mkononi, na kubishana juu ya michezo ya video ya kupigana, karibu maneno yote yanakuwa juu ya wapiganaji: nani ana nguvu, nani ana mbio, nani anaruka juu zaidi. Kiwanja chenyewe hakitajwi. Kinakumbukwa tu wakati mmoja ameshindwa na anamwambia mwenzake: «Si wewe uliyenishinda, ni kiwanja.» Wengine wanamcheka. Lakini mara nyingine anasema kweli, na maneno yake yanastahili kusikilizwa na kila mtu anayepanga mashindano ya vijana, hata yale madogo ambayo zawadi yake ni chupa ya soda.

Wazazi wasiojua michezo hii wanahitaji maelezo kidogo. Katika michezo ya kupigana ya kawaida, kama vile Tekken, kila mpiganaji ana kiasi chake cha uhai. Kila pigo linakipunguza, na kikiisha, pigano limeisha. Lakini kuna aina nyingine, iliyojulikana duniani kupitia Super Smash Bros., mchezo wa kampuni ya Nintendo ya Japani uliotoka mwaka 1999. Humo mapigo hayamalizi uhai, yanapandisha asilimia. Kadiri asilimia inavyopanda, ndivyo mpiganaji anavyorushwa mbali zaidi akipigwa. Anayetupwa nje ya mipaka ya picha, kushoto, kulia, juu ao chini, huyo amepotea. Brawlhalla, ambao unachezwa bila malipo na uliofika kwenye simu mwaka 2020, unafuata njia hiyohiyo, ijapokuwa hasara inaonyeshwa kwa rangi pahali pa asilimia.

Basi, ikiwa kushinda ni kumtoa mwenzako kiwanjani, kiwanja si pambo la nyuma ya wapiganaji. Ni nusu ya pigano.

Jambo la kwanza ni ukubwa. Katika Super Smash Bros. Melee, uliotoka mwaka 2001, kuna kiwanja kinachoitwa Temple. Ni kizuri kwa macho na watu wengi wanakipenda. Lakini ni kipana kupita kiasi. Mwenye kuongoza anaweza kukimbia na kuzunguka mpaka saa iishe, bila kupigana tena. Huko chini kuna pango lenye kuta na dari: anayerushwa anagonga mwamba na kubaki hai, hata kama pigo lilistahili kummaliza. Ndiyo sababu mashindano makubwa hayakubali kiwanja hicho. Kiwanja kizuri kinampa mtu nafasi ya kupumua, lakini hakimpi pahali pa kujificha mpaka mwisho.

Jambo la pili: kiwanja kisiwe mpiganaji wa tatu. Katika Melee hiyohiyo kuna kiwanja cha Brinstar, ambamo maji ya sumu yanapanda kutoka chini na kuwaunguza waliopo. Mtu aliyepigana vizuri dakika mbili anaweza kupoteza kwa sababu maji yalipanda wakati mbaya. Watu wanaotetea viwanja hivyo wanasema mshangao ndio utamu wa mchezo. Wana haki, ikiwa marafiki wanne wanacheza ili kucheka. Lakini mahali ambapo watu wametoa feza ya kuingia na mmoja atarudi nyumbani na zawadi, mshangao unageuka kuwa dhuluma. Nintendo yenyewe ilielewa hayo: katika Super Smash Bros. Ultimate ya mwaka 2018, mchezaji anaweza kuzima hatari za viwanja kabla ya kuanza.

Hapo wengi wanakimbilia jibu rahisi: basi, tupu ndiyo haki. Wanachagua Final Destination, kiwanja cha sakafu moja iliyonyooka, bila ngazi yoyote juu yake, na wanasema hapo kila mtu yuko sawa na mwenzake. Jibu hilo linadanganya. Kwenye sakafu tupu, mwenye kurusha risasi ao moto kutoka mbali anafurahi, kwa sababu mwenzake hana ngazi ya kupandia ili kumkaribia. Mpiganaji kama Little Mac, mwenye ngumi kali akiwa chini na udhaifu mwingi akiwa hewani, anafurahi vilevile, kwa sababu hakuna anayeweza kusimama juu ya kichwa chake. Wapeleke haohao kwenye Battlefield, kiwanja chenye ngazi tatu ndogo juu ya sakafu, na Little Mac anaanza kuteseka. Kuondoa kila kitu hakuleti usawa. Kunamsaidia mmoja kimyakimya, na kimya hicho kinawafanya watu waamini kwamba hakuna aliyesaidiwa.

Jambo la tatu, na labda ndilo kubwa, ni njia ya kurudi. Katika michezo hii mtu aliyesukumwa nje bado hajapotea. Anaweza kuruka tena, kushika ukingo wa sakafu na kupanda. Katika Brawlhalla anaweza kushikamana na ukuta wa pembeni na kuruka kutoka hapo. Mapigano yanayokumbukwa zaidi yanatokea hapo ukingoni: mmoja anajaribu kurudi, mwingine anajaribu kumzuia. Kiwanja chenye ukingo unaoeleweka kinawapa wote wawili kazi ya kufanya. Kiwanja kinachomnyima aliyeanguka pahali pa kushika kinafanya kosa moja kuwa mwisho wa yote.

Kwa kuwa hakuna kiwanja kisichompendelea mtu hata kidogo, dawa iko katika namna ya kuchagua. Mashindano makubwa yanatangaza mapema orodha fupi ya viwanja vinavyokubaliwa. Kisha wachezaji wawili wanaondoa kwa zamu, huyu kimoja, yule kingine, mpaka kibaki kimoja ambacho hakuna aliyekikataa. Kwa pigano linalofuata, aliyeshinda anaondoa baadhi ya viwanja, na aliyeshindwa anachagua kati ya vilivyobaki. Wapenda mpira hawawezi kushangazwa na jambo hilo. Kiwanja kikiwa na mteremko, ao jua likimpiga kipa usoni, hakuna anayesawazisha kilima ao kuzima jua. Mwamuzi anarusha sarafu, na kisha mapumziko timu zinabadilishana pande.

Utaratibu huo hauombi feza wala mashine mpya. Karatasi moja ukutani inatosha, yenye majina ya viwanja vitano na sheria ya kuondoa kwa zamu, iliyobandikwa kabla mtu wa kwanza hajalipa. Bunia inauhitaji kuliko miji mingi. Ni mji uliopokea watu kutoka Djugu, Irumu na kwingineko, wakikimbia vita. Wengi wao wangali wakiishi kambini, kama pale Kigonze. Watoto ambao wazazi wao hawakukutana kwa amani wanaweza kujikuta wanacheza upande kwa upande. Akishindwa mmoja wao, ni lazima ajue wazi kwamba ameshindwa na mkono wa mwenzake tu. Shaka ndogo juu ya nani alichagua kiwanja, na kwa nini, ni mbegu ambayo mji huu hauhitaji kuipanda tena.

Kuna pia vijana wanaojua kuchora na wanaojifunza kutengeneza programu. Siku watakapotaka kuchora kiwanja cha Ituri, wengine watawashauri wachore kijiji kilichoungua ao shimo la dhahabu lenye watu wa bunduki, kwa sababu ndiyo Ituri inayosikika katika habari. Wasikubali haraka. Vita ni kweli, lakini jimbo hili lina vitu vingine vinavyofaa zaidi kwa kazi hii. Mont Hoyo, katika teritware ya Irumu, kuna mapango na maporomoko yanayoitwa Ngazi za Venus: maji yanashuka hatua kwa hatua, na kila hatua inaweza kuwa sakafu ya kusimamia. Ziwa Albert lina mitumbwi ya wavuvi inayopanda na kushuka polepole. Vikichorwa kwa kipimo, vitampa mpiganaji wa mbali kazi, na mpiganaji wa karibu njia.

Kabla ya kusifu rangi na muziki wa kiwanja kama hicho, wenye kukichora wampe mtu akijaribu, wangoje ashindwe, kisha wamuulize kama anakubali kupigana tena palepale. Akikataa na kulaumu sakafu, wachore upya.