Mgonjwa wa Saratani Aulizwe, Naye Aseme

Katika visiwa vyetu mgonjwa akiulizwa hali hujibu, "Alhamdulillahi." Ni jibu jema, nalo tumefunzwa tangu chuoni. Lakini kwa mgonjwa wa saratani aliyerejea nyumbani baada ya kutiwa dawa za kemikali, jibu hilo likiishia hapo laweza kuficha hatari itakayomuua kabla ya saratani yenyewe. Kumshukuru Mungu hakumzuii mtu kusema kwamba ana homa.

Wapo wagonjwa wetu wengi wanaovuka bahari kutibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mara nyingi mgonjwa hutiwa dawa, kisha huambiwa arudi baada ya wiki 3. Katika wiki hizo hayuko tena mikononi mwa bingwa. Yuko Micheweni, Makunduchi au Tumbatu, akitazamwa na jamaa zake na muuguzi wa kituo cha afya. Humo ndimo madhara mengi ya dawa yatokeamo.

Yafaa tufahamu kinachotendeka. Dawa hizi huua chembe za mwili zinazozaana upesi. Chembe za saratani ni za namna hiyo, lakini pia zile za mashina ya nywele, za utando wa mdomo na matumbo, na za uboho wa mifupa utengenezao damu. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, mdomo huota vidonda na tumbo huharibika. Nywele, kwa kawaida, huota tena. La kuogofya zaidi halionekani kwa macho: chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hupungua sana, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Wakati huo homa ya nyuzi 38 au zaidi huenda ikawa dalili pekee ya maambukizo yanayoweza kuua. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali upesi, apate antibayotiki ndani ya saa moja tangu kufika. Akipewa panadoli na kuambiwa akapumzike, homa itashuka huku maradhi yakiendelea. Akitibiwa malaria peke yake, hatari ni ile ile.

Basi huruma peke yake haitoshi. Lazima kuuliza na kupima. Madaktari wana madaraja ya kupimia kila dhara. Mgonjwa akiharisha chini ya mara 4 kwa siku kupita kawaida yake, hilo ni daraja la kwanza. Zikizidi kwa mara 7 au zaidi, ni daraja la tatu, naye anahitaji hospitali. Muuguzi yeyote aweza kuuliza na kuandika hesabu hiyo. Dawa za kuzuia kutapika hutolewa kabla ya tiba, si baada ya mgonjwa kuishiwa nguvu. Mwenye vidonda vya mdomo asukutue kwa maji ya chumvi na atumie mswaki laini. Mwenye ganzi ya vidole amweleze daktari kabla ya duru nyingine, maana huenda kipimo cha dawa kikapunguzwa.

Asidhani mtu kwamba kuuliza ni jambo dogo. Matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 766 wa saratani iliyokwisha enea, uliofanywa New York na kutangazwa mwaka 2017, yalionyesha hivi: nusu ya wale walioeleza dalili zao mara kwa mara kwa njia ya kompyuta, na wauguzi wakajulishwa, waliishi zaidi ya miezi 31. Kwa wenzao waliohudumiwa kwa desturi, ilikuwa miezi 26.

Sisi tunaishauri Serikali mambo matatu. Kwanza, kila mgonjwa atiwaye dawa hizi apewe kipimajoto na kadi ya Kiswahili yenye jina la dawa, tarehe aliyotiwa, na namba ya simu ya kuuliza usiku na mchana. Pili, hospitali za wilaya ziwe na antibiyotiki za sindano wakati wote, na mwenye kadi hiyo akifika na homa asipangwe foleni. Tatu, masheha na viongozi wa matawi, kwa ridhaa ya mgonjwa na kwa kumtunzia siri yake, wapange mapema gari au chombo cha kumvusha, ili homa ya usiku wa manane isisubiri mapambazuko.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wosia huo ni wa mgonjwa, lakini ni wetu pia tuliopewa dhamana. Mgonjwa asifiche homa yake, nasi tusijifiche nyuma ya ukimya wake.